Nisomeje patholojia mpaka niielewe? Jibu kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu

SWALI: "Shikamoo daktari. Ninasoma udaktari mwaka wa tatu, kwetu ni Ngamiani hapa Tanga. Nimerudi nyumbani na sapu ya patholojia, mtihani wa marudio ni baada ya wiki sita. Nimepiga msuli kweli. Kitabu kikubwa nimekisoma na kukipigia mistari ya rangi, na madesa, yaani notisi za waliotutangulia, ninayo. Lakini swali likija na kisa cha mgonjwa nakwama. Waliuliza habari za mzee aliyepata shambulio la moyo, akaanza kupata nafuu, kisha siku ya tano akafariki ghafla. Jedwali la mabadiliko ya msuli wa moyo nililijua lote kwa kichwa, ila sikujua nianzie wapi. Na slaidi za hadubini zote naziona pinki na zambarau tu. Nisomeje?"

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nimefanya kazi ya patholojia, elimu ya namna ugonjwa unavyoubadilisha mwili, na kuifundisha kwa miaka mingi, na barua kama yako naijua. Anayeiandika si mvivu. Mara nyingi ndiye aliyekesha kuliko wenzake wote. Kwa hiyo sitakwambia uongeze bidii. Nataka ubadilishe kile ambacho bidii hiyo inafanya.

Tuanze na mzee wako wa siku ya tano, maana ndani yake mna jibu zima.

Mshipa unaolisha moyo umeziba. Seli za msuli zimekosa oksijeni, mitokondria haitengenezi tena ATP, yaani nishati ya seli, pampu ya sodiamu kwenye utando wa seli inasimama, maji yanaingia na seli inavimba. Mpaka hapo damu ikirudi seli inaweza kupona. Hali hiyo ikiendelea kama dakika 20 hadi 40, utando unapasuka, kalisiamu inamwagika ndani, na seli inakufa bila kurudi. Sasa kuna nyama iliyokufa katikati ya nyama hai, na mwili hauiachi hivi hivi. Siku ya kwanza hadi ya tatu neutrofili, chembe nyeupe za damu, zinamiminika. Kuanzia siku ya tatu hadi ya saba makrofaji, seli walaji za kinga, zinachukua zamu na kula mabaki. Baada ya wiki moja au mbili inaota tishu changa yenye vimishipa vipya, na kufikia mwezi wa pili pamebaki kovu gumu la kolajeni, protini ya nyuzi.

Jedwali lako lilikuwa na hayo yote. Sasa jiulize: siku ya tano ukuta wa moyo una nini ndani yake? Msuli uliokufa umeshaanza kuliwa na makrofaji, na kolajeni ya kuziba pengo bado haijawekwa. Ukuta haujawahi kuwa laini kama siku hiyo, na kila pigo la moyo linausukuma. Unapasuka, damu inajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, moyo unabanwa na kushindwa kujaa, mzee anafariki. Hitilafu ya mapigo nayo huua ghafla, lakini hiyo inatisha zaidi saa za mwanzo. Neno "siku ya tano" liliwekwa makusudi, na aliyetunga swali alitaka kuona kama unajua kwa nini siku hiyo ni ya hatari.

Wewe ulijua tarehe na majina ya seli. Hukujua lipi limezaa lipi, na patholojia karibu yote ni hiyo: lipi limezaa lipi.

Kila ugonjwa utakaousoma kuanzia leo, upitishe kwenye maswali manne kwa mpangilio huu. Chanzo ni nini? Kimeifanya nini seli? Tishu imebadilikaje, kwa macho na kwa hadubini? Na mgonjwa analalamika nini kwa sababu ya badiliko hilo? Swali la pili ndilo wanafunzi wanaloliruka, nalo ndilo linaloshika mengine. Mjerumani Rudolf Virchow alifundisha mwaka 1858 kwamba ugonjwa utafutwe kwenye seli, na hadi leo ukikwama popote pa kuanzia ni hapo: seli gani imeumia, na imeumizwa na nini?

Nikuonyeshe kwa ugonjwa mmoja hadi mwisho. Nachagua kichocho, kwa sababu unakifahamu tangu shule ya msingi na kwa sababu kimebeba nusu ya patholojia ya jumla mgongoni.

Mtoto anaoga kwenye bwawa au mfereji wenye konokono wa jamii ya Bulinus. Viluwiluwi vya kichocho vilivyotoka kwenye konokono vinapenya ngozi, vinaingia kwenye damu, vinapita mapafuni, vinakua kwenye mishipa ya ini, halafu minyoo wakubwa wanahamia kwenye vena zinazozunguka kibofu cha mkojo. Hapo jike anataga mayai kila siku, kwa miaka.

Simama hapa ujiulize swali ambalo wengi hawajiulizi: mnyoo amekaa ndani ya mshipa wa damu miaka yote hiyo, mbona kinga haimmalizi? Kwa sababu anajivika protini za mwenyeji wake na hatambuliki. Mnyoo mzima, pale alipo, haleti vurugu kubwa. Vurugu inaletwa na mayai. Yale yanayofanikiwa kupenya ukuta wa kibofu yanatoka na mkojo, na njiani yanachana tishu, ndiyo maana mkojo una damu. Yale yanayonasa ukutani ndiyo yanayoanzisha ugonjwa wenyewe. Yai linavuja kemikali zake, limfosaiti zinaitikia, eosinofili zinakuja kwa wingi (zote ni chembe nyeupe za damu), makrofaji zinalizunguka na kushikana bega kwa bega. Hiyo ni granuloma. Umeisoma kwenye kifua kikuu, na hapa unaikuta tena kwa sababu ile ile: kuna kitu ambacho mwili umeshindwa kukiondoa, basi umeamua kukizungushia ukuta.

Endelea. Inflamesheni, yaani wekundu na uvimbe wa mwili unaojihami, isipokwisha inaishia kwenye kovu. Ukuta wa kibofu unakuwa mgumu, mayai yaliyokufa yanajaa chokaa, na kwenye eksirei unaweza kuona umbo la kibofu limejichora kwa weupe. Kovu likifika pale mirija ya mkojo inapoingilia kibofu, njia inabanwa. Mkojo unarudi nyuma, mrija unatanuka, figo inajaa maji na kusinyaa nyama yake. Mtoto aliyeanza na matone ya damu mwishoni mwa kukojoa anakuja kuwa mtu mzima mwenye figo zilizoharibika, na umeweza kusimulia kila hatua katikati bila kukariri orodha ya "madhara ya kichocho".

Halafu saratani. Utando wa ndani wa kibofu kwa kawaida ni wa seli za urotheliamu, seli za kawaida za njia ya mkojo. Ukikwaruzwa na kuchokozwa kwa miaka, unabadilika na kuota seli bapa za aina ya ngozi, zinazostahimili usumbufu. Hiyo ni metaplasia. Seli zikilazimika kugawanyika bila kupumzika katikati ya inflamesheni, makosa ya DNA yanajikusanya, na inayozaliwa hapo mara nyingi ni saratani ya seli za skwamasi, yaani hizo bapa, tofauti na ile ya urotheliamu inayotawala kwa wavutaji sigara wa nchi zisizo na kichocho. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliwaweka minyoo hawa kwenye kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka.

Tazama tumepita wapi: inflamesheni sugu, granuloma, kovu, uwekaji wa chokaa, kuziba kwa njia, kunyauka kwa tishu, metaplasia, saratani. Karibu sura zote za patholojia ya jumla, ndani ya kibofu cha mtoto mmoja. Mwanafunzi aliyekielewa kichocho namna hii akikutana na saratani ya umio, njia ya chakula kwenda tumboni, iliyotokana na kucheua asidi kwa miaka, ataona ni hadithi ile ile kwa majina mengine: uchokozi wa muda mrefu, metaplasia, kisha saratani.

Kwa hiyo usisome patholojia ya jumla kama utangulizi wa kupita haraka ufikie "magonjwa yenyewe". Wengi wanaoanguka kwenye mifumo ya mwili waliangukia kwenye sura za mwanzo, ila hawakujua. Seli inavyoumia na kufa, inflamesheni, uponaji wa kidonda, damu kuganda na kuvuja, saratani inavyozaliwa na kusambaa: hizo zipe wiki zako mbili za kwanza, bila kuzionea huruma. Moyo, mapafu, ini na figo vitakuja baadaye vikiwa vyepesi kuliko ulivyovizoea.

Sasa nije kwenye namna ya kusoma, maana kuelewa leo na kukumbuka baada ya wiki sita ni mambo mawili.

Kupigia mistari ya rangi na kurudia kusoma kunakupa hisia nzuri mno. Ukurasa ukiuona mara ya tatu macho yanateleza, unajiambia "hapa najua". Unachojua ni sura ya ukurasa. Kumtazama mtu akipita Barabara ya Nne kwa baiskeli hakujakufundisha kuendesha, hata ukimtazama kila asubuhi.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi. Kundi moja likakisoma tena, kundi jingine likafunika karatasi na kuandika kila walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojilazimisha kukumbuka asilimia 56. Umeelewa sasa kwa nini usiku wa kuamkia mtihani ulijiona uko tayari. Ulikuwa unajipima kwenye zile dakika 5.

Fanya hivi. Soma sehemu fupi, tuseme uvimbe unaotokana na moyo kushindwa, kwa nusu saa. Funga kitabu. Chukua karatasi tupu na kalamu, chora mlolongo wote kutoka chanzo hadi malalamiko ya mgonjwa, kwa mishale, na juu ya kila mshale andika neno "kwa sababu" na sababu yenyewe. Utakwama. Ukikwama usifungue kitabu mara moja. Kaa na huo mkwamo dakika mbili tatu, jaribu kukisia. Ndipo ufungue, urekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kile kilichoandikwa kwa rangi ya pili ndicho hukijui, na kesho unaanza na hicho. Hii inachosha kuliko kupigia mistari, na siku za mwanzo itakufanya ujione mjinga. Vumilia. Uchovu huo ndio dalili kwamba kichwa kinafanya kazi.

Rudia karatasi hiyo hiyo kesho yake, kisha baada ya siku tatu au nne, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi zaidi saa na siku za mwanzo, na tangu hapo imethibitishwa mara nyingi kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia kwa mkupuo. Ukipenda simu, programu ya Anki itakupangia siku zenyewe, na kwenye simu za Android haina malipo. Lakini angalia kadi unazoandika. Kadi inayouliza "Taja sifa tano za nekrosisi ya kuganda", aina mojawapo ya kifo cha tishu, itakurudisha kwenye kukariri. Andika: "Kwa nini nyama ya moyo iliyokufa inabaki na umbo lake siku kadhaa, wakati ubongo uliokufa unageuka majimaji?" Hiyo inakulazimisha kuwaza. Na kadi za wengine usizipakue kwa maelfu. Kazi ya kuitunga kadi ndiyo nusu ya kujifunza.

Kuna mambo ya kukariri tu, sikatai. Alama za saratani kwenye damu, kromosomu ipi imehama wapi, mayai ya mnyoo yupi yana mwiba upande gani. Hayo tia kwenye kadi fupi na usiyape heshima kuliko yanayostahili. Mengine yana vishikizo vya bure: mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na vijidudu vya matende hujaa kwenye damu kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku. Ukijua moja umejua la pili.

Halafu changanya. Vitabu vimepanga magonjwa kwa viungo, moyo sura yake na ini sura yake, lakini mgonjwa wa wodini hajapangwa hivyo. Anakuja na mguu umevimba, basi. Kwa hiyo baada ya wiki ya tatu chukua lalamiko moja na uvute kila ugonjwa unaohusika. Mguu umevimba: maji yametokaje kwenye mishipa? Zipo njia chache. Shinikizo ndani ya mishipa limepanda, kama moyo ukishindwa au vena ikizibwa na bonge la damu. Protini ya damu imeshuka, ama inapotea kwenye mkojo kwa ugonjwa wa figo, ama ini lenye kovu limeshindwa kuitengeneza. Ukuta wa mishipa midogo umeachia, kama kwenye jipu. Au njia ya limfu imeharibika, kama kwenye matende ambayo pwani yetu inayajua vizazi na vizazi: mnyoo mzima anakaa ndani ya mshipa wa limfu, mshipa unatanuka, vali zinaacha kufunga, limfu inabaki chini, bakteria wanapata pa kuingilia, na ngozi inazidi kuwa ngumu.

Sasa jiulize vinatofautianaje kitandani. Upi uko miguu yote miwili na upi ni mguu mmoja? Upi ukibonyeza kwa kidole unaacha shimo, na upi baada ya miaka umekuwa mgumu haubonyei? Upi mkojo wake unatoa povu? Majibu yote yanatoka kwenye chanzo, huhitaji orodha. Fanya hivyo hivyo kwa manjano, kwa kukohoa damu, kwa upungufu wa damu. Ukifanya mazoezi ya malalamiko sita au saba namna hii, kisa cha mgonjwa kwenye karatasi ya mtihani hakitakushtua, kwa sababu ndivyo ulivyosoma.

Slaidi za hadubini. Pinki na zambarau unazoziona zina maana, na hakuna aliyezaliwa akizijua. Hematoksilini inapaka kiini cha seli rangi ya buluu inayoelekea zambarau. Eosini inapaka sehemu inayobaki ya seli, pamoja na kolajeni, rangi ya pinki. Basi hata kabla hujajua jina la chochote, panapong'aa zambarau tupu pamejaa viini, yaani seli nyingi zimesongamana: limfosaiti, au saratani yenye viini vikubwa. Palipo pinki bila viini pana kovu, au pana kifo.

Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kukimbilia lensi kubwa. Anza bila hadubini kabisa. Inua slaidi kwenye mwanga wa dirisha uitazame kwa macho: ina umbo gani, kuna eneo lenye rangi tofauti? Kisha lensi ndogo kabisa, ile ya mara 4, na uzunguke slaidi nzima kama mtu anayekagua shamba. Jiulize kiungo hiki ni kipi, na kikiwa kizima kingekuwaje. Usipojua sura ya kiungo kizima huwezi kuona kilichoharibika, kwa hiyo rudi kwenye slaidi zako za histolojia za mwaka wa kwanza bila aibu. Tofauti ukishaiona, ndipo upande lensi.

Chukua tezi ya limfu yenye kifua kikuu. Kwa lensi ndogo utaona tezi ya zambarau imeliwa na visiwa vya pinki. Ingia kwenye kisiwa kimoja. Katikati pana pinki ya chengachenga, haina viini, haina hata kivuli cha seli zilizokuwepo. Hapo tishu imekufa na kupoteza umbo. Sogea kidogo pembeni: seli ndefu zenye viini vyepesi kama nyayo za viatu, zimelala zikishikana, mipaka yake haionekani. Ni makrofaji zilizobadilika. Kati yao kuna jitu moja lenye viini vingi vilivyojipanga ukingoni kwa nusu duara; hiyo ni seli ya Langhans. Nje kabisa, ukanda wa limfosaiti, vidoti vya zambarau. Sasa chora. Penseli ya pinki na ya zambarau zinatosha, na mchoro wako hata ukiwa mbaya umelazimisha jicho kuamua mstari unapita wapi. Kisha andika chini ya mchoro sentensi moja: mwili umeshindwa kumuua bakteria huyu, ndiyo maana umemzungushia ukuta, na katikati tishu imekufa. Slaidi yenye sentensi haisahauliki. Ukikosa hadubini nyumbani, vyuo vikuu kadhaa duniani vimeweka slaidi zilizopigwa picha kwenye intaneti bure, unazikuza na kuzisogeza kwa kidole.

Diskasheni za kikundi zina faida kwa sharti moja: kila mtu aje amesoma, na anayeeleza asiwe na karatasi. Wawili au watatu mnatosha. Mmoja anaeleza ugonjwa, wengine kazi yao ni kuuliza "kwa nini" kila anapotua. Kikundi cha watu kumi kinachosomeana madesa ni baraza la mazungumzo, na wiki sita hazikuruhusu.

Na ukiwa nyumbani una jambo zuri ambalo bwenini huna. Mweleze mama yako au bibi, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini mtu mwenye selimundu anaumwa mifupa na kwa nini homa kwake si ya kudharau. Kwamba herufi moja ya protini imebadilika, ikifika penye upungufu wa oksijeni chembe nyekundu inajikunja na kuwa ngumu, inaziba vimishipa, mfupa unakosa damu, unauma. Na kwamba bandama, iliyozibwa hivyo mara nyingi, inanyauka mtoto akingali mdogo, na bila bandama bakteria wa nimonia hawana wa kuwazuia. Akikuuliza swali ukashindwa kujibu, umepata pa kusoma usiku huo. Mgonjwa wa hospitali ya Bombo naye atakuuliza hivyo hivyo miaka michache ijayo, na hatakuuliza kwa Kiingereza cha kitabuni.

Wiki zako nizipange kwa kifupi. Mbili za kwanza patholojia ya jumla, kila siku na karatasi tupu. Tatu zinazofuata mifumo ya mwili, ukianza na moyo, figo, ini na mapafu, maana ndiyo inayoulizwa na ndiyo inayofundisha mengine; slaidi mbili au tatu kila siku, si mia siku moja. Wiki ya mwisho maswali ya visa tu, yaliyochanganywa, na kwa kila swali ulilokosa usiridhike kujua herufi sahihi ni ipi. Andika ni kiungo gani cha mlolongo kilikukatikia, na kwa nini yale majibu mengine si sahihi. Pasti pepa zitumie hivyo pia, kama kipimo. Kuzikariri ndiko kulikokupeleka kwenye sapu.

Lala. Nasema hivi kama daktari: kumbukumbu ya mchana inaimarishwa usingizini, na saa mbili unazoiba usiku unazilipa kesho yake kwa kusoma ukurasa mmoja mara nne. Asubuhi na mapema, kabla jua la Tanga halijawa kali, ndiyo saa ya karatasi tupu. Jioni ni ya kadi.

Kuhusu kitabu kikubwa: usikisome tena kutoka jalada hadi jalada. Chukua kitabu chembamba au maelezo ya mhadhiri wako yawe uti wa mgongo, na kile kikubwa ukifungue pale tu mshale wako unapokosa "kwa sababu". Madesa wape wenzako.

Anza kesho na inflamesheni ya jipu: wekundu umetoka wapi, joto limetoka wapi, uvimbe na maumivu vimeletwa na nini, na usaha ni nini hasa. Ukifika kwenye figo, magonjwa ya glomeruli, vichujio vidogo vya figo, yatakusumbua, yanamsumbua kila mtu. Tumia mlolongo ule ule, chora kichujio chenyewe tabaka kwa tabaka, uweke alama kingamwili zimekaa wapi. Ukikwama hapo niandikie tena na unitumie picha ya karatasi yako, nione mshale gani umekatika.